Ukuta Uliojengwa kwa Hofu

Msikilizaji, wengi wafikapo Roma hukimbilia Colosseum. Mimi safari ile nilifuata njia ya Appia hadi lango la San Sebastiano, ambalo ndani yake mna makumbusho. Nikapanda ngazi, nikatembea juu ya ukuta wa Kaisari Aurelian, magari yakipiga honi chini.

Ukuta huo ulianza kujengwa mwaka 271 baada ya Kristo. Urefu wake ni kilometa 19 hivi, unene mita tatu na nusu, na sehemu kubwa ingali imesimama. Lakini kilichonishika si ukubwa, ni tarehe. Ukuta wa kwanza wa Roma ulikuwa wa karne ya nne kabla ya Kristo, na mji ulikwisha kuupita zamani. Kwa mamia ya miaka hakuna aliyeona haja ya mwingine. Adui alikuwa mbali, ng'ambo ya mito ya Rhine na Danube. Ndipo makabila ya Kijerumani yakaingia Italia na kulishinda jeshi la Aurelian huko Placentia. Mji uliotawala dunia (dunia yao, maana sisi hatukuulizwa) ukaanza kutafuta matofali.

Haraka yao inaonekana hadi leo. Askari walikuwa wakihitajika vitani, hivyo kazi wakapewa vyama vya mafundi wa mjini. Kilichokutwa njiani kikaingizwa ukutani: nyumba, mfereji wa maji, hata kaburi la Gaius Cestius, piramidi ya mita 36. Bado limebanwa pale pale.

Mwaka 410 Wagothi wa Alaric waliuzingira mji kwa mara ya tatu. Ukuta, ambao wakati huo ulikwisha kuongezwa kimo, haukubomolewa. Usiku wa Agosti 24, Lango la Salaria lilifunguliwa kutoka ndani.

Nani alifungua? Procopius, aliyeandika zaidi ya miaka 100 baadaye, ana hadithi mbili. Ya kwanza yasema ni vijana ambao Alaric aliwatoa zawadi kwa wakubwa wa Roma, wakajifanya watumwa watiifu. Ya pili yamtaja mama tajiri, Proba, aliyeona watu wanakufa kwa njaa, hata wengine wakilana, akaamuru watumishi wake wafungue.

Mlinzi wa makumbusho alikuja kunihimiza, saa ya kufunga imefika. Nilishuka ngazi nikimfikiria Proba.