Mpini wa Wembe Una Kwao

Wakusanyaji wa vitu vya kale wana kanuni wasiyoihoji: wembe wa kukunja uliobadilishwa mpini umepoteza asili yake. Wakiuandikia historia, wanataja Sheffield au Solingen, palipofuliwa chuma, na mpini hawausemi. Wakiupangia bei, mpini unageuka kuwa kila kitu. Mambo hayo mawili hayakai pamoja. Kama mpini una uzito huo, basi tuulize ulitoka wapi, na swali hilo litatuleta Morogoro, kwenye njia za Kilosa na Dumila.

Chanzo cha kwanza ni kitabu cha mabaharia cha karne ya 1, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinachoitaja bandari ya Rhapta kwenye pwani yetu. Kinasema vililetwa mikuki, mashoka na majambia. Vikachukuliwa pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Wapo walioisoma orodha hiyo kama ushahidi kwamba watu wa huku hawakujua chuma. Usomaji huo haufai tena. Mwaka 1992 mwanaakiolojia Felix Chami alichapisha habari za Limbo, kusini ya Dar es Salaam, ambako chuma kiliyeyushwa zamani sana. Mwaka 2000 Randi Haaland na C. S. Msuya wakaeleza ufinyanzi, uhunzi na biashara ya kale ya Dakawa, mji anaoupita kila aendaye Dumila kutoka Morogoro. Watu wenye tanuri zao hawakungoja meli ili wapate cha kumnyolea mfiwa au mwali.

Karne ya 19 ndiyo inayotuhusu zaidi. Misafara kutoka bara ilishuka milima ya Usagara, ikakata tambarare ya Mkata hadi Bagamoyo, na pembe za ndovu zilikuwa mabegani mwa wapagazi, Wanyamwezi wengi miongoni mwao. Zikavushwa Zanzibar, na kutoka huko zilikwenda Bombay, London na Marekani. Pembe ya Afrika Mashariki ilipendwa kwa ulaini wake: huchongeka vizuri ikawa kitana, kibao cha piano au mpini. Huko Sheffield, kampuni ya Joseph Rodgers ilijulikana kwa shehena yake ya pembe kama ilivyojulikana kwa visu vyake. Si kila mpini wa pembe ulitoka kwetu, maana Afrika Magharibi nayo iliuza. Lakini mwanahistoria Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha 1987, ameonyesha jinsi bei ya pembe Zanzibar ilivyopanda kwa miongo mingi huku nguo za viwandani zikizidi kuwa rahisi. Mahitaji ya viwanda vya ng'ambo ndiyo yaliyosukuma misafara ile. Kuusifu wembe wenye mpini wa pembe kwa kumtaja mhunzi wa Sheffield peke yake ni kumfuta mpagazi.

Wajerumani walikuja na chuma cha Solingen, Waingereza wakafuata, na wembe wa kutupa wa Gillette ukampunguzia kinyozi kazi. Badiliko kubwa lilikuwa la mpini: seluloidi, plastiki ya zamani, ilichukua nafasi ya pembe. Hapo ndipo kanuni ya wakusanyaji inaposhindwa kabisa. Seluloidi ikizeeka huoza na kutoa mvuke wa asidi, na mvuke huo hula chuma. Anayeuacha mpini huo kwa jina la asili anauangamiza wembe wenyewe.

Ili kuubadilisha mpini, fundi husaga kichwa cha ribiti, akaisukuma nje taratibu, akachora umbo la mpini wa zamani juu ya ubao. Hukata mabamba mawili membamba, huyatoboa pamoja ili matundu yalingane, kisha huweka kabari mwishoni ili wembe ukikunjwa ulale katikati bila kugusa upande wowote. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa 1989, na haki ni hiyo. Mti unaofaa badala ya pembe tunao: mpingo, mgumu kiasi cha kuzama majini. Nao tangu 2017 unalindwa na mkataba wa CITES, kwa hiyo utumike wenye vibali.

Makumbusho yetu yaandike kwenye kila wembe majina mawili ya asili, la chuma na la mpini. Na mpini ukibadilishwa, ule wa zamani usio wa seluloidi uhifadhiwe, mti mpya uandikwe, na fundi aliyeufunga atajwe.