Komoro: Taifa la visiwa lililosubiri miaka 30 kukaribishwa uwanjani

TIMU ya taifa ya soka ya Komoro, kwa hesabu ya daftari la FIFA, ni changa kuliko wengi wa wachezaji wanaovalia jezi yake. Taifa hilo la visiwa lilikubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho hilo la dunia mnamo Septemba 2005, miaka 30 baada ya kujitangazia uhuru.

Tangu wakati huo, Komoro imeilaza Ghana mara mbili, imeipiga Tunisia nyumbani kwake, imetoka sare na Misri, Cameroon na Morocco, na imefuzu mara mbili kwa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Wakenya nao wana sababu ya kuikumbuka, kwa kuwa mwaka wa 2020 ndiyo iliyoizibia njia Harambee Stars.

Ufanisi huo haukutokana na viwanja bora wala ligi tajiri, kwani Komoro haina hivyo viwili. Ulipatikana pale wasimamizi wa kandanda wa visiwa hivyo walipokubali kwamba taifa lao halikomei ufuoni, na kwamba watoto waliozaliwa ughaibuni ni wao pia.

VISIWA VINNE, BENDERA MBILI

Komoro iko katika Bahari ya Hindi, kati ya kaskazini mwa Msumbiji na Madagascar. Visiwa vyake vitatu, Ngazija, Nzuani na Mwali, vina ukubwa wa takriban kilomita mraba 1,860. Wakazi wake hawafiki milioni moja, ilhali Kaunti ya Mombasa pekee ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.2 katika sensa ya 2019.

Kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki, hao si wageni. Lugha yao ni ndugu wa Kiswahili, na jamii za Wangazija zimeishi Mombasa na Unguja kwa vizazi vingi.

Kisiwa cha nne, Maore, ambacho Wafaransa wanakiita Mayotte, kilikataa uhuru katika kura ya maoni ya Desemba 1974. Visiwa vile vingine vitatu vilipojitangazia uhuru Julai 6, 1975, Maore ilibaki mikononi mwa Ufaransa, na mnamo 2011 ikafanywa mkoa kamili wa nchi hiyo. Hata hivyo, bendera ya Komoro ina nyota nne hadi leo.

Mvutano huo umeufuata mchezo hadi uwanjani. Mnamo Agosti 2015, Komoro iliondoa ujumbe wake wote katika Michezo ya Visiwa vya Bahari ya Hindi kule Reunion, ikilalamikia wanamichezo wa Maore kuandamana chini ya bendera ya Ufaransa.

MWANZO WA UNYONGE

Shirikisho la soka la Komoro liliundwa mwaka wa 1979, na mwaka uo huo timu ya taifa ikashiriki Michezo ya kwanza ya Visiwa vya Bahari ya Hindi. Kwa zaidi ya miongo miwili iliyofuata, mashindano hayo ya majirani ndiyo yaliyokuwa dirisha lake kuu la kuuona ulimwengu.

Hali ya kisiasa haikuruhusu mengi. Tangu uhuru, visiwa hivyo vilishuhudia takriban mapinduzi na majaribio ya mapinduzi 20, baadhi yakiongozwa na mamluki Mfaransa Bob Denard. Mnamo 1997 kisiwa cha Nzuani kilijitenga, na utawala wa kanali aliyekaidi serikali ya muungano huko ulikomeshwa tu Machi 2008, wakati majeshi ya Umoja wa Afrika, yakiwemo ya Tanzania, yaliposaidia kukikomboa.

Katika mazingira hayo, timu ya taifa ilikuwa anasa. Ilipoingia kwa mara ya kwanza katika mechi za kufuzu kwa Kombe la Dunia, mwishoni mwa 2007, ilifungwa na Madagascar jumla ya mabao 10-2 katika mikondo miwili.

Mchujo wa Kombe la Afrika la 2012 haukuwa na nafuu kubwa. Ikiwa pamoja na Zambia, Libya na Msumbiji, Komoro iliambulia pointi moja pekee, iliyotokana na sare ya 1-1 dhidi ya Libya.

NJIA YA MARSEILLE

Wakati timu hiyo ikichechemea, vijana wenye damu ya Komoro walikuwa wakicheza soka ya kulipwa Ufaransa. Makumi ya maelfu ya Wakomoro wanaishi mjini Marseille na vitongoji vyake. Fedha wanazotuma nyumbani ni nguzo ya uchumi wa visiwa hivyo, na ndizo hugharimia pia anda, ile ndoa kuu ambayo mwanamume wa Ngazija huhitaji ili apate kauli mbele ya wazee.

Kandanda ilikuja kufuata njia iyo hiyo. Mnamo 2009, FIFA iliondoa kikomo cha miaka 21 kilichomzuia mchezaji aliyewahi kuchezea timu za vijana za nchi moja kuhamia nchi ya asili yake. Mlango huo ulizifaa sana nchi ndogo zenye watu wengi ng'ambo.

Nadjim Abdou, kiungo mzaliwa wa Martigues aliyejijengea jina katika klabu ya Millwall, Uingereza, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitikia mwito na akawa nahodha. Wengine walifuata: Youssouf M'Changama wa Marseille, beki Chaker Alhadhur wa Nantes, na kipa Ali Ahamada, ambaye mnamo 2012 alizua gumzo Ufaransa kwa kuifungia Toulouse bao la kichwa dhidi ya Rennes.

Mshambuliaji El Fardou Ben Nabouhane, aliyewahi kucheza Ligi ya Klabu Bingwa Ulaya na Crvena zvezda ya Serbia, alizaliwa Maore. Suala ambalo wanasiasa hawajalipatia ufumbuzi tangu 1975, yeye alilijibu kwa kuvaa jezi ya kijani.

Aliyewaunganisha wachezaji hao ni Amir Abdou, kocha mzaliwa wa Marseille aliyeteuliwa 2014. Hakuwa na jina kubwa, lakini aliwafahamu vijana hao na familia zao.

Matunda yalianza kuonekana mapema. Novemba 2015, Ghana ililazimishwa sare tasa mjini Mitsamiouli katika mchujo wa Kombe la Dunia, kabla ya kushinda 2-0 marudiano. Machi 2016, Komoro iliichapa Botswana 1-0 na kupata ushindi wake wa kwanza katika mechi za kufuzu kwa Kombe la Afrika. Mwaka wa 2018, Cameroon na Morocco zote zilitoka visiwani na pointi moja moja.

NOVEMBA YA WAKENYA

Katika mchujo wa fainali za 2021, Komoro ilitiwa kundi moja na Misri, Kenya na Togo. Mashabiki wengi wa Kenya waliichukulia kuwa ndiyo timu ya kuokotea pointi.

Ilianza kwa kuishinda Togo 1-0 mjini Lome, kisha ikaibana Misri kwa sare ya 0-0 mjini Moroni. Novemba 2020, Harambee Stars chini ya kocha Jacob Mulee walitoka nayo sare ya 1-1 Nairobi, na siku nne baadaye wakalala 2-1 mjini Moroni.

Machi 25, 2021, sare tasa dhidi ya Togo iliipa Komoro tiketi ya fainali zake za kwanza. Ilimaliza na pointi tisa nyuma ya Misri, huku Kenya, iliyoshiriki fainali za 2019, ikiachwa nje na pointi saba.

BEKI LANGONI

Fainali hizo ziliandaliwa Cameroon mnamo Januari 2022. Komoro ilipoteza 1-0 kwa Gabon na 2-0 kwa Morocco, na wengi wakadhani safari imefika kikomo.

Januari 18, mjini Garoua, Ben Nabouhane aliifunga Ghana katika dakika ya nne. Nahodha wa Ghana, Andre Ayew, alionyeshwa kadi nyekundu kabla ya nusu saa kutimia. Ahmed Mogni akaongeza la pili, Ghana ikasawazisha mabao yote mawili, kisha Mogni akafunga la ushindi zikisalia dakika tano. Mabingwa hao mara nne wa Afrika walirudi nyumbani, na kocha wao Milovan Rajevac akapigwa kalamu.

Ushindi huo uliivusha Komoro hadi raundi ya 16 kama mojawapo ya timu bora zilizoshika nafasi ya tatu. Wapinzani wakawa wenyeji Cameroon, Januari 24, katika uwanja wa Olembe mjini Yaounde.

Ndipo masaibu yakaanza. Kipa Salim Ben Boina alikuwa ameumia bega, na wenzake wawili, Ahamada na Moyadh Ousseini, walipatikana na virusi vya corona. Ahamada alipimwa tena na kuonekana hana virusi, lakini kanuni za karantini zikamfungia nje.

Langoni akasimama Alhadhur, beki wa kushoto, akiwa na nambari 3 iliyotengenezwa kwa utepe mgongoni. Katika dakika ya saba, Nadjim Abdou alitolewa kwa kadi nyekundu. Komoro ikabaki na wachezaji kumi na kipa asiye kipa, mbele ya timu iliyowahi kutwaa kombe hilo mara tano.

Kilichotarajiwa ni mvua ya mabao. Karl Toko Ekambi alifunga moja na Vincent Aboubakar jingine, lakini Alhadhur aliokoa makombora kadhaa. Katika dakika ya 81, M'Changama alipiga frikiki kutoka mbali iliyotua wavuni moja kwa moja. Mechi ilikwisha 2-1.

Furaha na majonzi ya usiku huo havikuwa vya uwanjani pekee. Watu wanane walifariki katika msongamano kwenye lango la uwanja huo kabla ya mechi, na habari za Alhadhur zilisomwa sambamba na za misiba hiyo.

BAADA YA YAOUNDE

Baadhi walidai kwamba timu hiyo ilikuwa imebebwa na bahati. Abdou aliondoka 2022 kwenda kuinoa Mauritania, na Komoro ikakosa fainali za 2023 ilipotupwa kundi moja na Zambia na Cote d'Ivoire.

Chini ya Mwitaliano Stefano Cusin, aliyeteuliwa 2023, madai hayo yalijibiwa. Novemba 2023, Komoro iliifunga Ghana tena, 1-0 mjini Moroni, kwa bao la Myziane Maolida, mzaliwa wa Paris aliyewahi kuchezea timu za vijana za Ufaransa. Oktoba 2024 ikaipiga Tunisia 1-0 ugenini.

Kampeni hiyo ya kufuzu kwa fainali za 2025 ndiyo bora zaidi katika historia yake. Katika kundi lililokuwa na Tunisia, Gambia na Madagascar, ilishinda mechi tatu, ikatoka sare tatu na kuongoza bila kushindwa.

Fainali zilifunguliwa mjini Rabat, Desemba 21, 2025, Komoro ikimenyana na wenyeji Morocco, waliofika nusu-fainali ya Kombe la Dunia la 2022. Kipa Yannick Pandor alipangua penalti ya Soufiane Rahimi na kipindi cha kwanza kikaisha bila bao, kabla ya Morocco kushinda 2-0. Sare mbili tasa dhidi ya Zambia na Mali ziliipa Komoro pointi mbili, ambazo hazikutosha kuivusha. Haikufunga hata bao moja.

NYUMBANI JE?

Watu wa Komoro wenyewe huiita timu yao Selakanti, kwa jina la samaki ambaye wanasayansi waliamini ametoweka mamilioni ya miaka iliyopita, hadi mmoja aliponaswa Afrika Kusini mnamo 1938. Wa pili alipatikana Nzuani mnamo Desemba 1952, na wavuvi wa huko wakashangazwa na msisimko huo. Walikuwa wakimfahamu siku zote, kwa jina la gombessa. Mmoja alinaswa hata Malindi, mnamo 2001.

Jina hilo linaifaa timu iliyokuwepo miaka mingi bila kutambuliwa, lakini kilichotambuliwa hadi sasa ni zaidi zao la vyuo vya soka vya Ufaransa. Nyumbani, kila kisiwa huendesha ligi yake, kisha mabingwa wa visiwa hukutana kuwania taji la taifa. Klabu kama Coin Nord ya Mitsamiouli na Fomboni ya Mwali zina mashabiki waaminifu, ila hakuna klabu ya Komoro iliyowahi kufika awamu ya makundi ya mashindano ya bara.

Tofauti hiyo ilidhihirika Agosti 2025, wakati Kenya, Uganda na Tanzania zilipoandaa michuano ya CHAN, ambayo ni ya wachezaji wanaosakata soka katika nchi zao pekee. Madagascar, taifa jirani la kisiwa ambalo Komoro ilikuwa imelipiku katika mchujo wa Kombe la Afrika, ilifika fainali uwanjani Kasarani na kushindwa 3-2 na Morocco kwa taabu. Komoro haikuwepo, na haijawahi kufuzu kwa michuano hiyo.

Kizazi cha Nadjim Abdou na Ben Nabouhane kilizaliwa na kukulia nje, kikarudi kwa sababu wazazi wao waliwasimulia habari za kwao. Wajukuu wa wahamiaji hao watakuwa na uhusiano mwembamba zaidi na visiwa, na timu ya Ufaransa itaendelea kuwavuta walio bora. Siku mwito utakapokosa wa kuuitikia Marseille, Komoro italazimika kuwatafuta Mitsamiouli, Fomboni na Mutsamudu, na vijana wa huko watahitaji viwanja na makocha mapema zaidi ya siku hiyo.