Ifahamu kweme, mbegu ya Upare inayopewa mama aliyejifungua

Ukipita Same kwa basi unaona ukame tu: mibuyu, miiba na vumbi la Mkomazi. Lakini inua macho. Kule juu kwenye Milima ya Upare, ambako kilele cha Shengena kinafika mita 2,462, mambo ni tofauti kabisa. Kuna ukungu, migomba, na juu ya miti mikubwa inatambaa kweme.

Kweme ni nini?
Ni mmea wa jamii moja na maboga na matango. Tofauti ni kwamba wenyewe unapanda mti na unaweza kufika mita 30. Asili yake ni Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, na mbali na Upare hupatikana pia Usambara na Kilimanjaro.

Tunda lake si mchezo: linaweza kufika kilo 15 na kubeba mbegu zaidi ya 100. Likikomaa hupasuka lenyewe na kumwaga mbegu chini. Hapo ndipo watu huziokota, hakuna haja ya kuhatarisha maisha kwa kupanda juu.

Inaliwaje?
Mbegu huoshwa na kuanikwa juani. Usiitafune na ganda lake, maana lile la nje lenye nyuzi ni chungu. Menya kwa kisu mpaka ufikie kiini cheupe, kisha kula kibichi, kaanga, au twanga utie kwenye uji. Zaidi ya nusu ya kiini hicho ni mafuta.

Ndiyo maana kina bibi humpa mama aliyetoka kujifungua, arudishe nguvu na apate maziwa. Ni chakula kizuri, ila hakichukui nafasi ya kliniki.

Kosa ambalo wengi hufanya
Kweme ina mmea dume na mmea jike, na huwezi kuitofautisha mpaka itoe maua. Dume halizai matunda, basi mtu analiona kama mzigo kwenye mti wake na kulikata. Shida inakuja baadaye: bila chavua ya dume, majike ya jirani nayo hayazai. Unakata mmea mmoja, mnakosa kijiji kizima.

Hali ni hiyo hiyo ukikata mti ulioubeba. Mti ukianguka, kweme nayo imekwenda.

Kabla hujaenda kuokota
- Shambani kwa mtu, omba kwanza. Kweme nyingi zina mwenyewe.
- Msitu wa Chome ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS. Usiingie kuchuma bila kibali.
- Usimalize zote. Bakiza mbegu chache, uzipande chini ya mti imara.

Na kama bibi yako bado yupo, muulize anavyoziandaa.