Majina ya makundi kwenye duka la mtandaoni: mfano wa viungo na vipepeo vya Amani

Leo tuongelee kitu ambacho wengi wanaofungua duka kwenye mtandao wanakiruka: majina ya makundi ya bidhaa. Kundi ni ile sehemu mteja anabonyeza kabla hajaona bidhaa zenyewe. Ukiliita "Mengineyo" au "Mzigo wa Juni" mteja hajui kuna nini ndani, na baada ya miezi miwili hata wewe hujui.

Chukua viungo vya huku kwetu Amani, Tanga. Iliki wengine wanaandika hiliki. Mdalasini wengine wanasema abdalasini. Ukichanganya, unapata makundi mawili ya kitu kimoja. Mteja anafungua la kwanza anaona mzigo umekwisha, kumbe upo kule kwingine. Hela imepita hivyo! Chagua jina moja la kundi, na lile jingine liandike kwenye maelezo ya bidhaa ili anayelitafuta akukute. (Mimi ni wa iliki, watu wa hiliki mnisamehe.)

Bidhaa zenyewe zipe mpangilio mmoja: kiungo, hali yake, uzito. "Iliki nzima gramu 100", "Pilipili manga ya unga gramu 50". Jamaa niliyemsaidia alikuwa kaandika "Iliki safi" basi. Mteja alitaka ya unga, akapelekewa nzima, na gharama ya kuirudisha kwa basi ikala faida yote.

Halafu usipange kwa sura. Wanavijiji wa Usambara Mashariki walifuga vipepeo kupitia mradi wa Amani Butterfly na kuuza pupa kwa maonyesho ya Ulaya na Marekani, hadi serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Sasa mtazame Papilio dardanus wa misitu hii. Dume ni wa njano mwenye mikia, jike hana mikia na ana sura kadhaa, nyingine zinaiga vipepeo wenye ladha mbaya ili ndege wasimle. Ukipanga kwa rangi, aina moja inakuwa makundi manne au matano. Ndiyo maana biashara ya pupa inatumia majina ya kisayansi, mnunuzi wa mbali anajua nini kinakuja.

Na ukilazimika kubadili jina la kundi, anuani ya ukurasa usiiguse. Linki ulizokwisha watumia wateja zinaweza kufa.