Betri ya moyo: uelewa na maisha ya wagonjwa

Betri ya moyo, au kirekebisha mapigo, ni kifaa kidogo kinachopandikizwa chini ya ngozi ya kifua, aghalabu upande wa kushoto karibu na mtulinga. Waya hupitishwa ndani ya mshipa hadi moyoni. Moyo ukichelewa kupiga, kifaa huuchochea kwa umeme hafifu ambao kwa kawaida mgonjwa hauhisi.

Wa kwanza kupandikizwa alikuwa Arne Larsson wa Uswidi, tarehe 8 Oktoba 1958, akiwa na miaka 43 na akizimia mara nyingi kwa siku. Mkewe, Else-Marie, ndiye aliyewang'ang'ania daktari Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist mpaka wakakubali kujaribu. Kifaa kile kilidumu saa chache tu. Larsson alibadilishiwa vifaa zaidi ya 20, Senning na Elmqvist wakamtangulia kufariki, naye akafa kwa saratani mwaka 2001 akiwa na miaka 86.

Hofu za wagonjwa mara nyingi haziko kwenye hatari yenyewe. Wengi huogopa simu, ilhali inatosha kuiweka umbali wa sentimita 15 na kuipokea kwa sikio la upande wa pili. Jiko la maikrowevu lililo zima halina shida. Kinachostahili kuogopwa ni kidonda chenye wekundu, joto au usaha, pamoja na kizunguzungu kinachorudi. Wiki za mwanzo, kuanika nguo kwenye kamba ya juu au kutwanga kunaweza kuchomoa waya kabla haujashika. Wapo pia wanaokizungushazungusha kifaa chini ya ngozi kwa vidole bila kujua kwamba waya unajisokota na kung'oka.

Betri haichajiwi wala haibadilishwi peke yake. Baada ya miaka kadhaa, mara nyingi kati ya 7 na 12, kifaa kizima hubadilishwa kwa upasuaji mdogo. Ndiyo maana kurudi kliniki kupimwa ni lazima hata kwa anayejisikia mzima. Kwa Mtanzania wa mikoani anayetibiwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, nauli na malazi ni sehemu ya matibabu, na yafaa aelezwe hivyo tangu mwanzo.

Swali ambalo ndugu huuliza kwa sauti ya chini ni kama kifaa kitamzuia mgonjwa kufa. Hakizuii: msuli wa moyo ukishakufa hauitikii umeme. Maiti huzikwa nacho bila tatizo, lakini kabla ya kuchomwa ni lazima kitolewe, kwani hulipuka motoni.