Kutoka Santuri hadi Simujanja: Nani Anaturuhusu Kuimba?

Hivi karibuni, katika semina ya mwaka wa pili, mwanafunzi mmoja alisimama akasema: "Daktari, kizazi chenu kilihitaji ruhusa ya redio ili kisikike. Sisi tunahitaji simu na bando tu." Darasa zima lilicheka, nami nikacheka nao. Nilipofika nyumbani niliona kwamba sikuwa nimemjibu. Makala haya ndiyo jibu langu. Naamini kijana yule ameona nusu ya ukweli: kila kifaa kipya cha kusikilizia muziki kimemwondoa bawabu mmoja mlangoni, lakini pia kimemleta mwingine, na mara nyingi tumechelewa kumtambua huyo wa pili.

Tuanzie na santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa Fumba katika familia maskini yenye asili ya utumwa, alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo za taarabu kwa ajili ya kampuni ya HMV. Santuri zake zilirudi pwani ya Afrika Mashariki na kusikilizwa na watu ambao wasingealikwa kamwe kwenye baraza za mabwana. Wimbo wake kuhusu Kijiti ulisimulia mauaji ya mwanamke na kesi ambayo mtuhumiwa alikimbilia bara, huku wanawake waliotoa ushahidi wakiadhibiwa. Hivyo kifaa kigeni kilibeba malalamiko ya uswahilini dhidi ya mahakama ya kikoloni. Lakini tusisahau upande wa pili: mashine, mtaji na uamuzi wa nani arekodiwe vilikuwa mikononi mwa kampuni ya ng'ambo.

Kisha ikaja redio. Kituo kidogo cha Sauti ya Dar es Salaam kilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na mwaka 1965 serikali huru iliiweka huduma ya utangazaji chini yake moja kwa moja kwa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam. Sipendi kuibeza RTD. Ndiyo iliyorekodi bendi zetu kwa miongo kadhaa, na bila kanda zake tungekuwa taifa lisilo na kumbukumbu ya sauti yake. Hata hivyo, ilikuwa mlango mmoja kwa nchi nzima. Mashairi yalipitiwa kwanza, ndipo bendi ikaruhusiwa kuingia studio. Watunzi walijifunza kusema kwa mafumbo, na wasikilizaji wakajifunza kuyafumbua. Kwa kuwa Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri, wengi waliotaka kuuza kazi zao walikwenda Nairobi. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi Kenya, na huko ndiko alikofariki katika ajali ya gari Januari 1979.

Wanaodhani kwamba ugomvi wa hadharani kuhusu muziki ulizaliwa na intaneti wasome magazeti ya 1969. Novemba mwaka huo muziki wa soul ulipigwa marufuku katika kumbi za Dar es Salaam kwa hoja ya kulinda maadili na utamaduni. Wasomaji walichukua kalamu. Wapo waliopongeza, na wapo waliouliza kwa nini muziki wa Wamarekani weusi uhesabiwe kuwa adui wa Mwafrika. Ukiondoa stempu na bahasha, mabishano yale hayatofautiani sana na yale tunayoyaona leo kwenye simu zetu: maadili, mavazi, vijana, wageni, na swali la nani ana haki ya kusema utamaduni wetu ni upi.

Mimi mwenyewe ni mtoto wa kaseti. Tuliizungusha kwa kalamu ya Biki ili tusimalize betri za redio, na tulikwenda kwenye vibanda vya kurekodia tukiwa na kaseti tupu na orodha ya nyimbo iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari. Kaseti ilikuwa kifaa huru kuliko vyote vilivyotangulia. Hakuna kamati iliyoweza kukagua kila kibanda. Redio binafsi zilipoanza miaka ya 1990, muziki wa kizazi kipya ulipata njia mbili kwa pamoja, na mwaka 2001 Profesa Jay aliweza kumkejeli mwanasiasa wa ahadi za uongo katika "Ndio Mzee" nchi nzima ikasikia. Lakini uhuru ule ulikuwa na bei, na aliyeilipa ni msanii. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, wakati biashara ya kunakili ilikuwa imekwisha kuota mizizi. Wasambazaji wachache walioshika soko la kaseti ndio walioamua nani atoke na kwa malipo gani. Tuliopeleka kaseti tupu vibandani hatukumlipa mwimbaji hata senti moja, nami nimo.

Sasa turudi kwenye simujanja ya mwanafunzi wangu. Ni kweli kwamba leo kijana wa Tandale au Mbagala anaweza kurekodi chumbani na kusikika Lubumbashi na Muscat kabla ya jua kuzama. Lakini tuangalie mlangoni. Boomplay, programu inayosikilizwa na vijana wengi, ilianza mwaka 2015 ikiwa imepachikwa ndani ya simu za Tecno: anayekuuzia kifaa ndiye pia anayekuuzia muziki. YouTube na TikTok huchagua kwa hesabu za kompyuta wimbo utakaopandishwa na utakaozikwa. Hatuwezi kukata rufaa dhidi ya hesabu hizo, wala hatujui zinavyofanya kazi.

Na bawabu wa zamani hakuondoka. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo wake "Wapo", nao wimbo ukapigwa marufuku. Siku iliyofuata Waziri alitangaza kwamba Rais ameelekeza msanii aachiwe na wimbo uendelee kupigwa, tena auboreshe. Wengi walishangilia. Mimi niliogopa zaidi, kwa sababu kinachofunguliwa kwa hisani ya mtu mmoja hufungwa pia kwa hasira ya mtu mmoja. Machi 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu kulipa shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni ya awali na 1,000,000 kila mwaka. Novemba mwaka huohuo Baraza la Sanaa la Taifa lilifungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz na kutaka uondolewe hata mtandaoni. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa. Simu zilibaki mikononi mwetu, lakini hazikutusaidia kusema lolote.

Sitetei kila wimbo. Ziko nyimbo zinazomdhalilisha mwanamke ambazo nisingependa binti yangu azisikie, na "Mwanza" haukunifurahisha. Lakini kutopenda kwangu si sheria. Taifa lenye katiba halipaswi kuulinda utamaduni kwa simu ya kiongozi wala kwa barua isiyoeleza sababu. Watumishi wa umma wanaosoma hapa wanajua tofauti hiyo kuliko mimi: anayefungia kazi ya mtu aandike ni kifungu gani kimevunjwa, ampe nafasi ya kujitetea, na mahakama iwe na neno la mwisho. Wanaharakati nao wasiishie kupigania haki ya kuimba na kuisahau haki ya kulipwa. Mkataba wa msanii mchanga na kampuni ya mtandaoni unahitaji macho ya wanasheria wetu kama ilivyo amri ya kufungia wimbo.

Kwa hiyo, kijana wangu wa mwaka wa pili, nakujibu hivi. Siti alihitaji meli hadi Bombay, bendi zilihitaji idhini ya RTD, sisi tulihitaji kibanda cha kaseti, nawe unahitaji leseni, minara ya mawasiliano, kampuni ya ng'ambo na serikali isiyozima. Orodha yako ni ndefu kuliko yetu. Semina ijayo njoo na simu yako, usome kwa sauti mbele ya darasa yale masharti uliyoyakubali bila kuyasoma siku ulipofungua akaunti. Tutaanzia hapo.