Pacha wawili, faili tatu

MAMA wa Mji wa Kale anayejifungua pacha katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Pwani, kisiwani Mombasa, hurejea nyumbani na watoto wawili. Hospitalini, hata hivyo, yapasa zibaki faili tatu: yake mwenyewe na ya kila mtoto.

Katika uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la ICD-10, mimba ya pacha hupewa msimbo O30.0 kwenye faili ya mama. Matokeo ya uzazi nayo huandikwa papo hapo: Z37.2 wote wakizaliwa hai, Z37.3 mmoja akizaliwa mfu, Z37.4 wote wakiwa wafu. Mtoto aliye hai huandikiwa Z38.3 katika faili yake, au Z38.4 iwapo alizaliwa nje ya hospitali. Toleo la ICD-11 lilianza kutumika Januari 1, 2022, na nchi zinahamia huko polepole.

Msimbo O30.0 hausemi jambo kubwa zaidi: iwapo pacha wana kondo moja au mawili. Wenye kondo moja huweza kunyang'anyana damu, mmoja akafurika na mwenzake akadhoofika, ndiposa mama huyo hupimwa kila wiki mbili kuanzia wiki ya 16. Dalili za kondo huonekana vyema kwa ultrasaundi kabla ya wiki ya 14. Mpimaji asipoziandika siku hiyo, daktari wa mwezi wa saba atabaki kubahatisha.

Hesabu ya uzazi pia hukosewa. Aliyezaa pacha mara mbili ana watoto wanne, lakini amezaa mara mbili tu. Akiandikwa amezaa mara nne, mkunga atakayempokea tena atapotoshwa.

Wenyeji wa Pwani huwaita pacha wa kiume Hassan na Hussein, Hassan akiwa wa kwanza. Familia haisahau mpangilio huo. Rejista ndiyo husahau. Mkunga na amfunge wa kwanza utepe mkononi kabla wa pili hajazaliwa, kisha aandike saa, uzani na njia ya kuzaliwa ya kila mmoja. Yawezekana wa kwanza akaja kwa njia ya kawaida na wa pili kwa upasuaji, hali yenye msimbo wake, O84.8.

Chini ya Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo nchini Kenya, kila pacha huandikiwa taarifa yake ya kuzaliwa, na usajili wafaa kukamilishwa katika miezi sita. Wanaozaliwa nyumbani hupitia kwa naibu wa chifu. Pacha aliyelia hata mara moja kisha akafariki hakuzaliwa mfu: husajiliwa kuzaliwa kwake, halafu kifo chake.